Tengeneza sauti zako mwenyewe kwa TAL-NoiseMaker, sinthesaiza ya bure isiyoumiza kichwa

"Kaka hiyo lidi umeitoa wapi, nitumie preseti." Lidi ni ile sauti kali inayobeba melodi, preseti ni sauti iliyotengenezwa tayari ukaisevu. Hili swali nimeulizwa mpaka jibu linatoka lenyewe kabla mtu hajamaliza: sijaitoa popote, nimeitengeneza, dakika kumi, kwa plagini ya bure, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu ya kurekodia. Watu hawaamini. Wanaona kama kuna flashi ya siri nimeificha chini ya godoro. Basi leo naweka yote hapa, ila uwe na laptopu mbele yako, maana hii kitu ukisoma bila kugusa haiingii.

Plagini inaitwa TAL-NoiseMaker, imetengenezwa na Patrick Kunz wa Uswisi, kampuni yake ni Togu Audio Line, ndo hiyo TAL. Ni ya bure kabisa, siyo ya majaribio inayokata sauti kila baada ya dakika, na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Ni sinthesaiza, mashine ya kutengeneza sauti toka sifuri. Ndani ina osileta mbili kubwa (osileta ndo inayozalisha sauti yenyewe) na ya tatu ndogo ya kusaidia chini, filta moja ya kukata sauti, LFO mbili za kuitikisa sauti polepole, na inaweza kupiga noti sita kwa pamoja. Ndo hivyo tu. Kuna plagini za bure kubwa kuliko hii, Vital ipo, Surge XT ipo, na ni nzuri sana, ila ukimfungulia Surge mtu ambaye hajui filta ni nini ni kama umempeleka Kariakoo siku ya kwanza toka kijijini ukamwachia mkono. NoiseMaker ni genge la mtaani, kila kitu unakiona kwa jicho moja na laptopu yako ya RAM kidogo haitalia.

Mi nilianza vibaya. Jamaa mmoja alinipa flashi imejaa masinthesaiza makubwa ya kuvunja, yaani ya wizi, nikaweka yote usiku mmoja, nikawa nazungusha preseti tu, elfu na kitu, sijui hata moja imetengenezwaje, na baada ya wiki mbili laptopu ikaanza kufungua vitu yenyewe, virusi wamekula mpaka projekti ya mteja aliyekuwa ameshalipa nusu. Nikapiga windo upya, na safari hii nikaweka hii moja tu kwa sababu ilikuwa ya bure na faili lake dogo. Nikakaa nayo miezi mitatu. Nilichojifunza hiyo miezi mitatu sikukipata kwenye miaka miwili ya kuzungusha preseti.

HATUA YA KWANZA: KUIPATA NA KUIWEKA

Nenda kwenye tovuti ya TAL wenyewe, usipakue kwenye tovuti zile za matangazo kumi. Hawatakuomba hela. Ukikuta instola iendeshe kama programu yoyote, ukikuta zipu ifungue utaona mafaili ya plagini ndani. Kwenye Windows faili la VST3, hiyo ni aina ya faili la plagini, linakaa C, Program Files, Common Files, VST3. Kwenye Mac ni Library, Audio, Plug-Ins, halafu Components au VST3. Linux wenyewe mnajua, folda iliyofichwa ya .vst3 kwenye home yako.

Plagini haijiendeshi peke yake vizuri, inahitaji nyumba, ile programu ya kurekodia ambayo kwa kizungu ni herufi tatu DAW na mi naiita dau kama lile la baharini, kwa sababu na yenyewe inabeba mzigo wote. Kama huna hela, Waveform Free ni ya bure. REAPER inakupa siku 60 za kujaribu bila kukunyima kitu chochote na leseni ya punguzo kwa mtu binafsi ni dola 60. Mac ina GarageBand tayari. FL Studio ndo wengi Bongo wanaitumia, sawa, ila ujue ile ya majaribio inakuruhusu kusevu projekti lakini haikuruhusu kuifungua tena, nimeona mtu analia kwa hilo, kwa iyo kama unatumia hiyo toa kila sauti kama WAV kabla hujafunga.

Ukishaweka, fungua dau, iambie itafute plagini upya. Isipoonekana, mara nyingi umeweka faili la biti 32 kwenye dau la biti 64 au umeweka folda ambayo dau halitazami. Hakuna uchawi.

HATUA YA PILI: UCHELEWAJI

Hapa ndo wengi wanakata tamaa mapema. Unabonyeza kinanda, sauti inakuja baadaye, unadhani laptopu mbovu. Siyo mbovu. Nenda kwenye seting za odio utafute bafa, kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kwanza kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 2048 kwenye sampuli 44100 kwa sekunde ni kama milisekunde 46, na hapo mkono na sikio vinagombana. Ukishuka 512 unakuwa kwenye milisekunde 12 hivi, ukishuka 256 ni karibu 6, na hapo utasahau kama kuna kompyuta katikati. Kwenye Windows kama huna saundikadi ya nje weka ASIO4ALL, draiva ya sauti ya kupunguza huo uchelewaji, ni ya bure, FL inakuja na ASIO yake. Sauti ikianza kukwaruza kama sufuria inasuguliwa na mchanga, panda bafa kidogo, basi.

Huna kinanda cha MIDI, kile cha kuchomeka kwenye laptopu kinachotuma noti? Hata mi sikuwa nacho mwaka mzima. REAPER bonyeza Alt na B kinakuja kinanda cha kwenye skrini, FL ni Ctrl na T, herufi za laptopu zinageuka kuwa noti.

HATUA YA TATU: IVUE NGUO

Plagini ikifunguka itakuwa na preseti tayari, ndani kuna 256, majina yameanza na herufi za kukuonyesha ni nini: BS besi, LD lidi, PD pedi (sauti pana ya nyuma), na kadhalika. Zisikilize jioni moja ufurahi, afu achana nazo.

Sasa tunataka sauti ambayo haina kitu. Zunguka vile vibonyezo vya kuzungusha, tuviite nobu, moja baada ya nyingine: shusha osileta ya pili na ile ndogo mpaka sifuri kwenye volyumu, acha ya kwanza tu. Ya kwanza iweke kwenye wimbi la msumeno. Filta, ile nobu iliyoandikwa CUTOFF, ifungue mpaka mwisho kulia. RESONANCE sifuri. Kile kinachopeleka envelopu kwenye filta (envelopu tutaifikia hatua ya sita) kiweke sifuri. LFO zote mbili kiasi chake sifuri. Korasi ya kunenepesha, rivabu na dilei za mwangwi, zima. Kwenye sehemu ya AMP kuna slaida nne A, D, S, R: A chini kabisa, S juu kabisa, R juu kidogo tu ya chini, D popote.

Piga noti. Utasikia nyuki kwenye kopo. Safi kabisa, hiyo ndo sauti mbichi, unga kabla ya maji. Isevu uiite MWANZO, kila ukitaka kutengeneza kitu unaanzia hapo. Usiruke hii hatua. Ukianzia kwenye preseti ya mtu utakuwa unagusa nobu moja wakati kinachoharibu sauti ni nobu nyingine usiyoijua.

HATUA YA NNE: MAWIMBI, HARAKA HARAKA

Msumeno una kila kitu ndani. Ukipiga noti ya hertzi 110 unasikia 110, na juu yake kwa sauti ndogo ndogo 220, 330, 440, inaenda hivyo. Ndo maana inakwaruza, ndo maana inafaa karibu kila mahali. Mraba unaruka, una 110, 330, 550, zile za witiri tu, kwa iyo unasikika kama una uwazi ndani, kama gemu za zamani za kwenye TV. Sini ni mluzi, hamna kingine ndani yake. Pembetatu iko kati ya sini na mraba ila karibu zaidi na sini. Kelele ni redio isiyo na stesheni, tutaitumia kidogo kwa vitu vya ngoma.

Sini na pembetatu utazikuta kwenye osileta ya pili. Piga noti moja, badilisha wimbi, piga tena. Fanya hivyo dakika tano huku umefumba macho mpaka uweze kusema hili ni lipi. Mdogo wangu wa darasa la sita anaweza, na we utaweza.

HATUA YA TANO: FILTA, HAPA TUKAE

Kama utakumbuka kitu kimoja kwenye sinthesaiza nzima basi kiwe filta. Fikiria kuna kigodoro mtaa wa tatu. Ukiwa kitandani kwako unasikia nini? Dum dum dum, besi tu, maneno ya MC husikii, haihati ya kwenye ngoma husikii. Unaamka unaenda, kadri unavyosogea vinafunguka, kwanza sauti za katikati, afu maneno, ukifika pale kila kitu mpaka kelele za vigelegele. Ule ukuta na nyumba za katikati ndo filta. CUTOFF ni umbali wako na kigodoro.

Chukua MWANZO, shika noti, rudisha CUTOFF taratibu kushoto. Nyuki anaingia ndani ya mzinga. Rudisha kulia anatoka. Hiyo safari peke yake, ukiirekodi wakati wimbo unapanda kuelekea kiitikio, inafanya kazi ambayo watu wanatafutia sampuli za kununua.

Kuna aina za filta hapo, chagua. Namba za desibeli 24, 18, 12, 6 maana yake ni ukali wa ukuta: kwenye 24, kila ukipanda okteva moja (hertzi mara mbili) juu ya pale ulipokata sauti inapungua desibeli 24, huo ni ukuta wa tofali. Sita ni pazia la kitenge. Besi nzito napenda 24, kitu laini cha nyuma ya sauti ya mwimbaji napenda 12. Ile ya HP inafanya kinyume, inakata chini inaacha juu, nzuri kwa pedi ili isigombane na besi.

RESONANCE inanyanyua pale pale ulipokata, inakuwa kama mtu anapiga mluzi kwenye kona hiyo ya sauti. Kidogo inanogesha, ikizidi inapiga kelele yenyewe. Tafadhali shusha volyumu ya hedifoni kabla hujaipandisha, mi niliwahi kupata mlio wa sikio siku nzima.

HATUA YA SITA: ENVELOPU

Siyo bahasha ya barua. Ni umbo la sauti toka inaanza mpaka inakufa. A ni muda wa kuamka, D ni muda wa kushuka baada ya kuamka, S ni kiwango inachokaa wakati bado umebonyeza, R ni muda wa kuzima ukishaachia kidole. Ngoma ukiigonga inaamka papo hapo, inashuka, haikai: A sifuri, D fupi, S sifuri. Fidla la taarab linaamka taratibu na linakaa muda wote upinde unavutwa: A ndefu kidogo, S juu.

NoiseMaker ina envelopu mbili za namna hii, moja ya volyumu na moja ya filta. Ya filta ndo inayofungua na kufunga kigodoro chetu kila unapopiga noti, na ile nobu ya kiasi tuliyoiweka sifuri ndo inaamua ifungue kiasi gani.

Sasa hapa kuna jambo watu wa kwetu wanakosea sana, na hutalikuta kwenye video za wazungu kwa sababu wao wanafundishia muziki wa tempo 120, yaani biti 120 kwa dakika. Piga hesabu. Sekunde 60 gawa kwa tempo. Bongo fleva ya 95, biti moja ni milisekunde 632. Singeli ya 220, biti moja ni 273, na robo ya biti ni 68 tu! Kwa iyo ukichukua lidi yenye R ya milisekunde 300 ukaiweka kwenye singeli, noti ya kwanza haijafa na noti nne zimeshapita juu yake, unapata uji. Watu wanasema miksi mbaya, wanaenda kununua plagini ya kusafisha, kumbe ni slaida moja tu ingeshushwa. Kabla hujagusa D na R jua robo ya biti yako ni ngapi, afu hakikisha noti inazima ndani ya hapo, labda iwe pedi.

HATUA YA SABA: TUPIKE

Nitaanza na besi. Fungua MWANZO. Osileta ya kwanza msumeno, itune nusutoni 12 chini yaani okteva. Ya pili mraba, nayo 12 chini, ile nobu ya tuni ndogo isogeze kidogo sana. Ukiwa na hertzi 110 huku na 110 na nusu kule zitakuwa zinapishana na kukutana mara moja kila sekunde mbili, ndo ule unene unaopumua. Ukizidisha itakuwa kama walevi wawili wanaimba. CUTOFF robo hivi, filta ya 24, envelopu ya filta A sifuri, D fupi, S chini, kiasi theluthi. Voisi, yaani idadi ya noti kwa wakati mmoja, weka moja, ili noti zisipandane. Potamento kidogo kama unataka ivute toka noti moja kwenda nyingine.

Afu sikiliza kwenye simu. Lazima. Besi ya noti ya E ya chini ni hertzi 41 na spika ya simu haitoi kitu huko chini, na wasikilizaji wako wengi wako kwenye simu. Dawa siyo kuongeza volyumu, ni kufungua CUTOFF kidogo ili zile za juu, 124, 165, 206 na kuendelea, zisikike, sikio likizisikia hizo linajaza lenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Hii siyo porojo, ndivyo sikio lilivyo.

Sasa lidi, ile ya swali la mwanzo. Wakati wa mchiriku, ule muziki wa mtaani wa Dar, kabla singeli haijapata jina, mabendi ya Dar yalikuwa yanapiga vinanda vidogo vya Casio, vile vya bei rahisi, vimepitishwa kwenye spika zilizochoka. Ule ukali wa kopo ndo utamu wenyewe, kwa iyo usijaribu kuifanya ipendeze. MWANZO, osileta ya kwanza kwenye mraba, upana wa mraba uuminye kidogo isiwe nusu kwa nusu, itatoka puani. Ya pili msumeno, okteva moja juu, volyumu yake nusu ya ya kwanza. CUTOFF juu, robo tatu. RESONANCE kidogo. AMP: A sifuri, S juu, R fupi kama tulivyosema. Voisi moja, potamento fupi. LFO ya kwanza iweke wimbi la sini au pembetatu, ipeleke kwenye tuni ya osileta, spidi mara 6 kwa sekunde hivi, kiasi kidogo mno, mpaka usikie inatetemeka kama mwimbaji wa taarab anayemalizia mstari. LFO inagusa osileta moja moja, kwa iyo ya pili itumie LFO ya pili kwa spidi ile ile, au iache imesimama, mi huwa naiacha. Mwisho kabisa bitikrasha, ile ya kuichakaza sauti, ipo humo humo ndani ya plagini, pandisha taratibu mpaka uone Casio imefika, rudi nyuma kidogo.

Melodi yenyewe usiiandikie kwenye 220 kama vidole havifiki. Shusha tempo mpaka 110, piga, rekodi MIDI, yaani noti zenyewe siyo sauti, rudisha tempo. Hakuna atakayejua. Wakongwe wenyewe walianza kwa kuvuta spidi vipande vya taarab, kwa iyo hiyo siyo kudanganya, ni kurithi.

Pedi ni rahisi kuliko zote. Osileta zote mbili msumeno, zitofautishe tuni ndogo, A ya AMP karibu sekunde moja, R sekunde mbili, CUTOFF katikati, LFO polepole kabisa kwenye filta ili izunguke mara moja kwa sekunde kumi, voisi sita, washa korasi. Na hapo kwenye korasi nikuambie kitu: imeigwa kutoka kwenye Roland Juno, na Juno-60 ya mwaka 1982 ilikuwa na osileta moja tu kwa kila sauti na sauti sita jumla, mashine nyembamba kabisa ukiitazama kwenye karatasi, lakini hiyo korasi ndo iliifanya ijaze chumba. Sa we una osileta mbili na bado unalalamika plagini ndogo. Angalizo moja: geuza miksi iwe mono, kushoto na kulia kitu kimoja, uisikilize, maana korasi ikizidi kwenye spika moja pedi inaweza kusinyaa.

Lazima mtu ataniuliza logi dramu, ile besi ya kugonga, najua, amapiano imetukalia kichwani. Ile ya wenzetu wa Afrika Kusini imetoka kwenye plagini ya FL iitwayo Fruity DX10, ambayo inatengeneza sauti kwa njia nyingine kabisa, kwa iyo hapa utapata binamu yake siyo yeye. Osileta ya pili tu, sini, okteva chini. AMP A sifuri, D milisekunde 400, S sifuri. Kuna envelopu ndogo ya ziada yenye A na D peke yake, ichagulie iende kwenye tuni ya osileta ya pili, D fupi sana, kiasi cha kutosha noti iangukie toka juu kama dafu linadondoka. Ikitoka ipitishe kwenye distoshoni ya dau lako, ile ya kuikwaruza sauti. Bila distoshoni itasikika kama mtu anagonga ndoo. Kwenye biti yangu moja niliiacha hivyo hivyo, ndoo, na mteja akaipenda, sikumwambia.

VITU VYA KUPITIA MBIO

Sevu kila kitu kwa jina linaloeleweka, siyo "mpya2 final final". Mi naandika aina, tempo, na neno moja la hisia: LD 220 kopo. Noti ikigoma kuzima kuna kitufe cha PANIC, ndo kazi yake. Kama kinanda chako cha MIDI kina nobu, tumia MIDI leni ya humo ndani, inayoifundisha plagini nobu ipi iendeshe nini, uunganishe moja na CUTOFF, mkono utajifunza haraka kuliko mausi. Treki zikizidi na laptopu ikaanza kupumua kwa shida, igeuze pedi iwe WAV, zima plagini, endelea. Na kila sauti iache na nafasi, isigonge nyekundu, kilele kwenye desibeli 6 chini ya sifuri panatosha, anayemiksi atakushukuru hata kama ni wewe mwenyewe kesho asubuhi.

MAZOEZI YA WIKI

Usianze kwa kuiga sauti za nyimbo za redioni, zimepitia mikono mingi, utachanganyikiwa. Iga vitu vya mtaani. Honi ya daladala, mlio wa kufunga mlango wa gari wenye alamu, king'ora, mbu sikioni usiku. Mbu ni msumeno, juu sana, LFO kwenye tuni, A ya polepole ili aonekane anasogea.

Afu ukishamaliza hao jaribu ule wimbo wa baiskeli ya aiskrimu. Unaonekana rahisi: mraba, filta wazi kabisa, A sifuri, R fupi, voisi moja. Mi ulinihangaisha siku mbili nzima, nabadilisha mawimbi, nagusa filta, nikafikia mpaka kumsimamisha muuza aiskrimu nikamrekodi kwa simu, watoto wamenizunguka wanadhani nawanunulia, na mwisho wa yote nikakuta korasi ilikuwa imewashwa toka jana yake.